Soksi nyekundu: kijiji kilichopakwa chokaa kabla ya kuchimbwa mtaro

Ukivuka mto Ruaha Mdogo pale Ipogolo, Iringa, ukaanza kupanda kuelekea Kilolo, mkono unatafuta koti kabla hujafika popote. Huko juu ni viazi, njegere, misindano, na ukungu ambao asubuhi nyingi za Juni unakataa kuondoka hadi saa nne. Kijiji ninachokieleza kiko ndani kidogo ya barabara hiyo. Jina sitalitaja. Bado naishi humo, na chumvi ikiniishia usiku nagonga kwa hao hao ninaowaandika.

Ni kijiji kidogo: vitongoji vinne, shule ya msingi, zahanati, makanisa mawili, mashine ya kusaga na vibanda vitatu vya duka vinavyouza vitu vile vile. Kwa miaka mitatu nilikuwa katibu wa kamati yake ya mazingira. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko, na kwa sababu mwalimu mstaafu hawezi kusingizia kwamba hana muda. Katika miaka hiyo tulijaribu mara mbili kukipendezesha kijiji. Mara ya kwanza tulishindwa kabisa. Mara ya pili tulipata kama nusu, na nusu hiyo haikutoka pale tulipoitarajia.

Chokaa ya Julai

Barua ilifika mwishoni mwa Juni: mgeni wa heshima angepita baada ya wiki tatu kuzindua chumba kipya cha zahanati. Siku hiyo hiyo kikao kikaitishwa, na maagizo yakatoka kama yanavyotoka siku zote. Kila kaya ifyeke mbele ya nyumba, ipange mawe kando ya barabara na kuyapaka chokaa, ipande miche mitano. Miche ya migrivelia ikaletwa kwa pikapu. Hata mimi nilipaka. Nilitia chumvi kwenye ndoo ya chokaa ili ishike, nikawafundisha na vijana. Mgeni alikaa muda wa kunywa chai, akasifu mandhari, akapigwa picha, akaondoka.

Sasa tazama kalenda. Julai huku ni kipupwe. Mvua za maana huanza Novemba au Desemba, kwa hiyo mche uliopandwa Julai unangoja miezi minne au mitano bila tone. Mama anayepandisha ndoo kutoka bondeni hawezi kuwanyima wanawe akaumwagilie mti wa barabarani asioujua ni wa nani. Tena mahindi yakishavunwa mifugo huachiwa, na mbuzi hutembea kama waliorithishwa kijiji. Kufikia Septemba vilibaki vijiti. Desemba mvua ikapiga siku mbili mfululizo, na mawe yetu meupe mengine yakazikwa na tope, mengine yakasombwa hadi korongoni. Nililikuta moja kule chini, bado lina weupe upande mmoja.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji uliofuata, sisi wa meza kuu tuliwalaumu wananchi kwa uvivu. Bibi mmoja wa kitongoji cha chini akaomba nafasi, akasimama taratibu. "Mwalimu," akasema, akinitazama mimi wala si mwenyekiti, "yale mawe mliyapaka ninyi, kwa ajili ya mgeni wenu. Mbona sasa mnatuuliza sisi yako wapi?" Watu wakacheka. Kwenye muhtasari niliandika kwamba mjumbe alitoa maoni.

Kutoka nje wakati wa mvua

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo kamati yetu haikuwahi kulifanya: nilitoka nje wakati mvua inanyesha. Siku zote tulikuwa tunakagua usafi jua likiwaka, na jua likiwaka unachoona ni matokeo tu. Nilivaa mabuti, nikasimama juu kabisa pale kanisani, nikaanza kuyafuata maji.

Yalikuwa yanashuka katikati ya barabara, mekundu kama chai ya rangi. Barabara yetu inateremka moja kwa moja kutoka kanisani hadi kisimani bila kona hata moja, na sababu yake ni ya kihistoria. Zamani watu wa hapa walikaa mbalimbali, kila ukoo na mgongo wake wa kilima. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, walikusanywa wakapangwa mistari miwili kando ya barabara ili huduma ziwafikie. Mistari ilipigwa kwa kamba, na aliyeishika kamba hakuuangalia mteremko. Wazee walioshuhudia wanasema hakuna aliyeuliza maji yatapita wapi, kwani nyumba zenyewe zilikuwa za nyasi, na walidhani siku moja watarudi kwao.

Nyasi ndiyo habari yenyewe. Paa la nyasi linakunywa kwanza, halafu linadondosha polepole. Bati halinywi kitu. Chukua nyumba ya kawaida ya hapa, paa la mita 6 kwa mita 8. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 40, ambayo huku Januari haimshangazi mtu, inamwaga kwenye nyumba hiyo lita 1,920. Ni ndoo 96 za lita 20, zinaanguka chini ya upenu ndani ya saa moja. Zidisha kwa nyumba 30 za upande mmoja wa barabara, unapata lita 57,600 zinazotafuta njia ya kushuka. Simlaumu mtu kwa kuezeka bati. Niliezeka langu kabla ya wengi wao, na nilitembea kifua mbele mwezi mzima. Ila hakuna aliyetuambia kwamba bati linadai mtaro.

Ndipo nikaelewa zile soksi. Kila nyumba ya kijiji, iwe ya tofali mbichi au za kuchoma, iwe imesilibwa kwa udongo mweupe au imepigwa plasta, ilikuwa na mkanda mwekundu ukutani kuanzia chini hadi usawa wa goti. Tulikuwa tumeuzoea hata hatuuoni. Ni matope: maji ya bati yanapiga udongo mtupu, udongo unarukia ukuta. Unaweza kupaka chokaa kila mwaka, na kila mwaka Januari nyumba itavaa soksi zake. Kwa tofali mbichi jambo si la sura tu, maana ukuta unaliwa pale pale chini panapobeba uzito.

Ugomvi wa fagio

Hapa nilikutana na jambo gumu kuliko yote, na silo nililolitegemea.

Udongo ulikuwa mtupu kwa sababu unafagiliwa. Kila alfajiri, kabla ya uji, mama au binti anainamia uwanja na fagio la vijiti, anaufagia hadi uonyeshe mistari myembamba kama nywele zilizochanwa. Huo ndio usafi tuliolelewa nao. Uwanja uliofagiliwa unasema humu ndani kuna watu wazima. Nyoka hajifichi, kuku wanaonekana, mgeni anajua amefika kwa nani. Lakini fagio likipita siku mia tatu kwa mwaka linaondoa na udongo, kidogo kidogo, na kijijini kwetu kuna nyumba ambazo ngazi ya mlangoni ilikuwa moja na sasa ni tatu. Nyumba haikupanda. Uwanja ndio ulioshuka.

Mtaalamu mmoja aliyekuja kutushauri alisema waziwazi: acheni kufagia, otesheni nyasi. Alikuwa sahihi kwa upande wa udongo, na alipoteza mkutano mzima kwa sentensi moja. Yule bibi wa kitongoji cha chini akamwambia, "Baba, majani mlangoni ni nyumba iliyohamwa. Unataka nionekane nimekufa?" Kwangu bibi hakuwa anapinga mazingira. Alikuwa anatetea maana ya uzuri anayoijua, na hiyo maana ina kazi yake. Ukiitukana, hata ushauri mzuri unatoka nje pamoja na wewe.

Tulichokubaliana baadaye kilitoka kwa wanawake wenyewe. Uwanja wa katikati ufagiliwe kama kawaida. Chini ya upenu, pale matone yanapoangukia, pawekwe mkanda wa mawe madogo au changarawe, upana wa hatua moja. Na pembeni, uwanja unapokutana na barabara, paachwe ukoka, upunguzwe kwa panga usizidi kifundo cha mguu, ili ujulikane kwamba umetunzwa, haukusahauliwa. Ukoka uliokatwa ulipita pale ambapo majani hayangepita.

Yaliyokuwa korongoni

Kabla ya kuchimba mtaro tulilisafisha korongo, maana huko ndiko takataka zote zilikokuwa zinakwenda. Siku moja tulitandaza turubai uwanja wa shule, tukapandisha mizigo kumi na minne ya toroli, tukaichambua mbele ya watu. Nilitegemea mifuko ya plastiki, ila ile laini imepungua tangu katazo la Juni 1, 2019. Iliyojaa ilikuwa pampasi. Halafu viatu vya plastiki vya mguu mmoja mmoja, betri za tochi, mifuko ya mbolea iliyochanika, na chupa za dawa za viazi, nyingine zikiwa bado na mchuzi chini. Korongo hilo linaishia mita chache juu ya kisima.

Pale kelele zilinyamaza. Mama mmoja akaokota chupa moja kwa ncha za vidole, akasoma maandishi yake kwa sauti, akairudisha chini, akaenda kunawa.

Hotuba yoyote ya kamati isingefikia hapo. Tangu siku hiyo chupa za dawa zinaoshwa mara tatu shambani, maji ya kuoshea yanarudi kwenye bomba la kupulizia, chupa inatobolewa ili isigeuke ya mafuta ya taa au maziwa, kisha inatunzwa kwenye pipa lenye mfuniko nyuma ya ofisi ya kijiji. Pampasi bado zinatushinda. Tuliamua zifukiwe kwenye shimo refu la kila kaya, na mbwa wanalifukua lile shimo. Kwa hilo sina jibu la kujivunia.

Kipande cha kila mtu

Mtaro tuliupima kwa fremu ya A. Ni mirunda mitatu tu, miwili imeegemezana kama herufi hiyo, mmoja umekingamishwa katikati, na kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka kileleni. Unaisimamisha juu ya vigingi viwili, unaweka alama pale kamba inapokata ule mrunda wa kati, unageuza miguu, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Kwa kuwa tulitaka maji yatembee bila kukimbia, tulipigilia kibao cha sentimeta 1 chini ya mguu mmoja, na miguu yenyewe ilipishana mita 2. Watoto wa darasa la sita waliielewa kabla ya wajumbe wa kamati. Siku mbili wakazunguka nayo upande wa juu wa nyumba, wakiacha vigingi kila hatua, na kwa mara ya kwanza mstari wa kijiji chetu ulifuata kilima.

Uamuzi mkubwa ulikuwa nani achimbe. Desturi ni siku ya maendeleo: kijiji kizima kinatoka na majembe, jina linaandikwa, asiyekuja anatozwa. Kazi inafanyika kweli, lakini ikiisha inakuwa haina mwenyewe, kama mawe yetu ya chokaa. Tukaamua kila kaya ichimbe na kutunza kipande kilicho mbele yake, tokea mpaka hadi mpaka. Wajane na wazee walichimbiwa na ndugu zao au kwa mgowe, yaani kazi ya kusaidiana, sufuria ya komoni, pombe yetu ya kienyeji, ikiwa pembeni.

Njia hii ina tundu moja, na maji yalilipata mapema: nyumba zilizofungwa. Tulikuwa na saba, wenyewe wako Mafinga, Makambako, Dar. Mtaro wa watu kumi wenye bidii unafika mbele ya mlango wenye kufuli, unaziba, unafurikia kwa jirani. Mwaka wa kwanza ugomvi wote ulianzia kwenye kufuli. Tukaanza kuwapigia simu. Wanne walituma hela ya kibarua siku hiyo hiyo, tena kwa furaha, kana kwamba walikuwa wanangoja kuulizwa. Watatu hawakupokea, na vipande vyao kitongoji kinavibeba hadi leo kwa kununa.

Ugomvi wa pili ulikuwa mwisho wa maji. Kila mtu alitaka yatoke kwake na hakuna aliyetaka yaingie kwake. Mtaro wa kando ya barabara hauwezi kushusha maji yote hadi chini, lazima uyatoe pembeni kila baada ya hatua kadhaa, na pembeni ni shamba la mtu. Shule ilikubali mchepuo mmoja. Wa pili aliuomba mzee mmoja mfugaji, tukadhani anatutania. Aliongoza maji kwenye kingo zake za fanya juu, zile za mfereji ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, alizozipanda mabingobingo, akaweka na mawe pale yanapoingilia yasichimbe. Agosti, ng'ombe wa wenzake walipokuwa wanatafuna mabua makavu, yeye alikuwa anakata majani mabichi. Msimu uliofuata watu watano walikuja kuomba michepuo, na mmoja alilalamika kwamba ya jirani ni mikubwa kuliko yake.

Tulikosea pia, tena vibaya. Ili mbuzi wasile tulichopanda, kamati ilitangaza faini na mgambo akaanza kukusanya. Mzee mmoja akaja ofisini, akavua kofia, akasalimia "kamwene", akaomba aonyeshwe sheria ndogo yenye muhuri. Hatukuwa nayo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, sheria ndogo ya kijiji inapendekezwa na halmashauri ya kijiji, inapita mkutano mkuu, kisha inaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sisi tulikuwa tumeishia kwenye kipaza sauti cha kanisa. Hela zilirudishwa, kaya moja moja, na mimi ndiye niliyezunguka na daftari nikiomba sahihi. Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Idhini ilipokuja baada ya miezi mingi, faini zilihitajika mara mbili tu, maana wakati huo watu walikuwa wameshaanza kufunga mbuzi wao ili kulinda ukoka wao.

Kosa la pili lilitugharimu zaidi. Juni ya mwaka wa pili greda lilikuja kuchonga barabara, jambo tuliloliomba kwa barua nyingi. Lilipita asubuhi moja, likaiacha barabara laini kama meza, na mitaro yote ya upande wa kulia ikajaa udongo. Dereva alifanya kazi aliyotumwa. Hakuna aliyemwambia kwamba ule mfereji una wenyewe. Sasa tuna utaratibu mwepesi: vigingi vyekundu kila mita ishirini, na mjumbe mmoja kutembea mbele ya greda. Tulichimba upya kwa manung'uniko ambayo sitayaandika.

Miti ilikuwa ya mwisho safari hii, na ilipandwa Desemba udongo ukiwa umelowa. Haikupandwa tena kwa mstari wa sherehe. Kila kaya ilichagua mti wake na mahali pake, na wengi wakachagua parachichi na matunda damu, kwa sababu mti unaolisha mtu hauhitaji mlinzi. Kisimani tulikuwa na milingoti, yaani mikaratusi, ya mtu mzito kijijini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 za mto, na tungeweza kumrushia kifungu. Mwenyekiti alikwenda kunywa naye chai mara tatu badala yake. Aliivuna mwenyewe, akauza nguzo, akakubali visiki vichomwe moto visichipue, na mahali pale tukapanda mivengi, miti ya asili ya kwenye maji. Bado ni midogo. Kama maji ya kisima yataongezeka, tutajua baada ya miaka, na mtu akikuambia ameyaona yakiongezeka msimu wa kwanza, anakufurahisha tu.

Ukiniuliza kijiji kimependeza kwa kiasi gani, nitakuambia kitongoji cha juu sana, cha kati vizuri, cha mashineni hapana. Pale mashineni kuna maduka na wapita njia, uwanja ni wa wote, na kanuni yetu ya kipande cha kila mtu haikupata pa kushika. Pumba, chupa za soda na vocha zilizokwanguliwa zipo kama zamani.

Januari iliyopita, mvua ikiwa inaanza kulegea, nilishuka tena na mabuti yangu. Mtaroni maji yalikuwa yanapita chini ya vidaraja vya mabanzi, kila nyumba na chake, yakiwa na wekundu hafifu. Nikasimama kwa yule bibi wa mawe. Ukuta wake aliusiliba upya kwa udongo mweupe wa bondeni, mkanda wa changarawe uko chini ya upenu, na soksi ilikuwa imeshuka kutoka gotini hadi kifundoni. Nikainama niione vizuri. Akatokea mlangoni na upawa mkononi.

"Mwalimu, karibu," akasema. "Ila sogea hapo, unanikanyagia ukoka."